Kifungu cha Saba

Ofisi ya wakili iko Ruwi, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la dhahabu na fundi wa saa.
Mama amekuja na birika ndani ya mfuko.
Nilimwambia aliache. Akasema, "Hebu twende."

Fomu ina lugha mbili, zote si zake.
Kiarabu chake ni cha kununulia samaki.
Basi mimi nasoma huku, nauliza kule,
na baina ya midomo mitatu
kuna maneno yanaanguka chini ya meza.

Kifungu cha kwanza: jina. Shinuna binti Suwed.
Cha pili: uhusiano na marehemu. "Mkewe," akasema,
kisha akajisahihisha: "Andika, mfuaji wa nguo zake."
Cha tatu: kambi. Humu jina lake ni namba.
Sisi tuliiita Mwisho wa Lami,
maana lami ilikomea pale, mbali mbele ya Adam,
na bendera mbili zikichapwa na upepo mmoja.

Cha saba: Taja, kwa wastani, idadi ya bilauri za maji
ulizokunywa kwa siku, baina ya tarehe na tarehe.

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu atoke eda.

"Mwulize huyu kijana, na wali nilioupika nihesabu?
Na maji ya udhu, yale ya kusukutua, mara tano?
Na uji wa Aflah alipoota meno?
Na mate?"

Wakili Munther aliweka kalamu chini.

Baba alikuwa fundi wa pampu. Kazi yake kuonja.
Alfajiri alifungua mfereji, akakinga kiganja,
akayazungusha mdomoni kama mnunuzi wa asali.
"Matamu," akasema. "Leo hayana chumvi."
Jangwani neno hilo ni cheti.
Miaka kumi na minane alikitoa cheti hicho,
na figo zake ndizo zilizotia sahihi.

Jumanne ilikuwa siku ya zimamoto.
Waliwasha mapipa ya mafuta kando ya uwanja wa ndege,
kisha wakayazima kwa povu, povu jeupe hadi magotini,
na sisi watoto wa mafundi tukaachwa tucheze.
Aflah alijitia ndevu za povu,
akawa shehe, akatuozesha sote.
Povu likakauka. Tulidhani limekwenda zake.
Lilikwenda chini tu, pole pole, kwa adabu,
mpaka kisimani.

Leo Aflah ana kovu shingoni, kama kola iliyoshonwa vibaya,
na kidonge kila asubuhi kabla ya chai.

"Ushahidi?" akauliza wakili. "Barua, vipimo, risiti?"

Nani anaweka risiti ya kiu?

Ndipo mama akalitoa birika.
Ndani, tabaka la weupe, gumu, kama ganda la yai.
"Nilichemsha," akasema. "Mwambie. Kila tone nilichemsha.
Tulifundishwa Unguja, mwaka wa kipindupindu,
na sikuacha hata siku moja."

Ripoti ya mtaalamu ilikuwa pale mezani.
Ukurasa wa kumi na moja nilikwisha kuusoma usiku.
Unasema sumu ile haifi kwa moto:
maji hupungua, hiyo hubaki,
na kila unavyochemsha ndivyo inavyokolea.
Wakili akanitazama. Mimi nikatazama birika.

Hilo sikulifasiri.

Mhudumu akaleta maji, vikombe vile vidogo vya plastiki
vyenye kifuniko cha karatasi ya fedha.
Mama alikigeuza chake, akapitisha kidole kwenye maandishi.
"Yametoka wapi haya?"
Hakuna aliyejua.
Akakitia mfukoni, ubavuni mwa birika.

Kwenye kifungu cha saba wakili aliandika nane,
kwa sababu kompyuta haipokei nafasi tupu.