Hatua Kumi na Tisa

Kutoka darasa langu hadi darasa la kwanza
ni hatua kumi na tisa za mtu mzima.
Nimezihesabu nikiwa nimebeba kasha la chaki,
nikazihesabu tena matopeni.
Ua ni mmoja, hapa Kariobangi Kusini,
lango moja, kengele moja ya rimu ya lori.
Lakini Jedwali la Nne la Katiba limepita katikati
kama kamba ya kuanikia nguo:
chekechea ni ya kaunti,
shule ya msingi ni ya taifa.

Mabati yangu yalinunuliwa na kaunti.
Maji yake hutiririka kwenye mfereji wa kaunti
yakaangukia tangi la taifa.
Mvua haijawahi kuomba kibali.

Mwezi wa tano mlango wa choo uling'oka.
Choo tunakitumia sote.
Niliandikia Jumba la Jiji:
watoto wangu wa miaka minne
wanasitiriwa kwa sweta ya mwenzao.
Wakajibu, kwa muhuri wa zambarau:
choo kimo ndani ya shule ya msingi,
tafadhali elekea wizarani.
Wizara nayo, ghorofa ya sita, lifti mbovu,
ikanijibu kwa adabu zaidi:
walio chini ya darasa la kwanza si wetu, mwalimu.

Nilirudi nikamkuta Nzilani amebana mapaja,
anasubiri serikali.

Lokuruka, bawabu, ambaye hajui ni nani humlipa
(ni kamati ya wazazi, ikikumbuka),
alileta misumari minane na mbao za kreti la nyanya.
Mlango ukafunga, ila upepo ukawa unaufungua.
Nikazikunja zile barua mbili pamoja,
nikaukaza nazo.
Huo ndio ushirikiano wa serikali mbili
nilioushuhudia kwa macho yangu.

Sisemi ugatuzi ni mbaya.
Kabla yake nilifundisha chini ya turubai
na mshahara ulikuwa sukari na ahadi.
Kaunti ilinipa paa, ikanipa viti ishirini na vinane,
vyekundu, vya kimo cha goti.
Aliye mbali hasikii mtoto akikohoa:
niliamini hivyo, na bado ninaamini,
siku kadhaa za wiki.

Leo ni Januari. Nzilani amehitimu.
Nimemshika mkono tuvuke ua.
Katikati amesimama, anataka kiti chake.
Nimemwambia, kiti ni cha kaunti, mama, hakivuki.
Ameniuliza: na mimi?

Mwalimu Oduori amempokea,
jina lake ameliandika bila kosa.
Nimechungulia dirishani kabla ya kurudi:
ameketi wima kwenye dawati la taifa,
viatu vyake vinaning'inia,
bado havijafika chini.