Pangaboi

Msellem aliniachia vitu vitatu:
deni la duka la pale Kuze,
redio isiyoshika stesheni,
na chatu.
Kibali cha chatu kimeandikwa jina la marehemu,
kinakwisha mwezi wa tisa.
Chatu anaitwa Mkufu. Jina hilo sikumpa mimi.

Wiki ya kumi na tatu ya eda macho yake yaliingia maziwa.
Ngozi ikafifia kama leso iliyofuliwa kwa jiki.
Nikasema ndio kawaida, nimeyaona haya miaka kumi na mmoja:
siku chache za ukungu, kisha macho hutakata,
kisha usiku mmoja husugua pua kwenye jiwe
na asubuhi gamba liko pale, zima,
limepinduka ndani nje kama soksi,
na Msellem analiinua dirishani
mfano wa muuza vitambaa:
"Tazama, Barke. Hariri ya bure."

Safari hii halikuja zima.
Lilikuja vipande, manda za sambusa zilizosahauliwa mezani,
vingine vimemganda ubavuni.
Jicho la kushoto lilibaki na kifuniko chake.
Na mkiani, karibu na ncha, pete
kavu, inayobana.

Shemeji alisimama mlangoni, hakuvua viatu.
"Mtu yuko edani, analala chumba kimoja na joka.
Watu watasemaje?"
Walikuwa wameshasema.

Nikampigia Mwamburi, aliyefagia vizimba pamoja na Msellem.
"Usivute," alisema, salamu sijamaliza.
"Ukivuta utang'oa na ya chini, ambayo bado haijawa ngozi.
Maji ya uvuguvugu. Kitambaa kibichi. Jicho usiliguse kabisa.
Lakini ile pete ya mkiani usiiache,
itazuia damu, ncha itakuwa nyeusi, itadondoka."
Akanyamaza kidogo.
"Humo chumbani kuna nini kinachokausha hewa?"

Nikatazama juu.

Tangu siku ya matanga pangaboi sijalizima.
Namba tatu, usiku na mchana,
maana pakiwa kimya nasikia upande wake wa kitanda.
Mombasa nzima inatota jasho, kuta zatoa chumvi,
na mimi nimejitengenezea jangwa
la futi kumi kwa kumi na mbili.

Nikalizima.
Kimya kilichofuata sitakisimulia.

Nikatoa beseni la buluu, lile la kuloweka mchele wa biriani
(litanunuliwa jingine, msinilaumu).
Nikapima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.
Hatukujaaliwa, lakini kiwiko kinajua.
Akaingia mzito, pindi juu ya pindi, nusu saa.
Kisha taulo lililoloa: nikalishika kwa ulegevu
akapita mwenyewe katikati, kiganja hadi kiganja,
akiacha alichoweza kuacha.
Siku ya kwanza, ubavu wote.
Ya pili, kidogo shingoni.
Ya tatu hakutoa kitu, akanipumulia kama tairi
nami nikamwambia neno ambalo mwenye eda haambii mtu.

Pete ilitaka siku sita na pamba mbichi.
Ilipotoka ilikuwa ndogo, ya kidole cha mwisho.
Nikaitia ndani ya kikopo cha wanja,
kisichofunguliwa tangu mwenyewe azikwe.

Jicho la kushoto bado.
Mwamburi asema ngoja gamba lijalo, litaondoka nalo,
mara nyingi huondoka.
Mara nyingi.

Zimenibakia siku kumi na tisa.
Nalala bila pangaboi, nguo imenigandama mgongoni,
beseni la maji liko wazi kando ya kizimba.
Ananitazama kwa jicho moja, lile safi.
Lile jingine sijui linaona nini.