Laini ya Changarawe

Kituo cha kupozea umeme, ndivyo wanavyokiita,
kana kwamba Julai hii ya Mafinga
kuna kitu bado hakijapoa.

Nusu saa kabla sijapokewa zamu
sindano inaanza kuinama.
Mia thelathini na mbili. Mia ishirini na sita.
Viwanda vya mbao vimewasha misumeno yote kwa pamoja,
na mota ina tabia ya mgonjwa wa pumu:
pumzi ikipungua
ndipo huvuta kwa nguvu.

Naingiza kapasita ya kwanza. Ya pili.
Sindano inasita, inafikiri,
inaendelea kushuka.
Simu, kutoka Iringa: "Kihwele, punguza mzigo. Sasa."

Laini nne ziko mbele yangu.
Ya hospitali siigusi.
Ya Mufindi ina chai katikati ya kukaushwa.
Wenye viwanda watataka kubembelezwa dakika mbili,
na dakika mbili sina.
Inabaki Changarawe,
nyumbani, kwenye mashine ya kutotolesha:
mayai mia nne, siku ya kumi na tisa.

Nikaikata.

Sindano ikapanda polepole, bila asante.
Makambako taa hazikupepesa.
Mbeya mtu alinyoosha shati lake, akaenda zake;
giza ambalo halikufika
nani ataliandika?

Mfukoni simu ikatetemeka. Tulalumba.
"Ni wewe?"
Ni mimi. Funika mayai.
"Nimeshafunika," akajibu.
"Kwa koti lako."