Floti

Ilifika Mtemani inakohoa, pikapu ya Shaame Faki,
moshi nyuma mweusi wa kitako cha chungu.
Jirani yetu Bi Mize akakunja majamvi mbio,
karafuu zake zisije zikalala na masizi.

"Yakhe, inakunywa," Shaame akaniambia.
"Mtambwe kwenda na kurudi, lita sita.
Na jana mpimaji kanusa gunia langu,
kaniuliza nimechuma shambani au sheli."

Nikafungua plagi. Nne zote nyeusi, zimelowa.
Hewa haipo, nikasema, kwa sauti ya fundi mkubwa.
Nikatoa filta, nikaipiga gotini,
likatoka vumbi la misimu miwili
na unyoya wa kuku. Nikawasha.

Moshi ule ule.

Choki? Iko wazi.
Skurubu ya mchanganyiko nikaikaza robo, nikaikaza nusu,
injini ikatetemeka kama mwenye homa
na ulafi wake haikuacha.
Hapo nikaona haya, maana bei nilishaitaja.

Basi kabureta nikaifungulia juu ya sinia la mama
(ataniuliza, najua),
nikaitoa floti, kijitu cha shaba, chepesi kama ganda la yai,
nikaitikisa sikioni.
Cho. Cho.
Haikuwa nyepesi hivyo.

Kazi yake ni moja, kuelea:
ifike juu, isukume sindano, ifunge mlango,
iseme, basi, tumeshiba.
Nayo imelewa petroli, imelala chini, mlango wazi,
na pampu, mtiifu, inamimina tu.

Nikaitia maji ya moto. Ukingoni kikatoka kipovu,
kimoja, kidogo kuliko chawa.

Nikalipanua tundu, ikatema tone kwa tone.
Nikaianika juani mpaka adhuhuri,
kisha risasi, punje moja,
kwani risasi ikizidi nayo huzamisha.
Nikaikwangua kwa wembe, nikaipima kiganjani,
nikaikwangua tena.

Alasiri ikanguruma taratibu.
Nikaweka mkono kwenye ekzosi, ukarudi na unyevu tu.
Shaame akazunguka Utaani, Limbani, hata Jadida,
akarudi. Plagi rangi ya biskuti.

"Kwa hiyo hukununua kitu?"
Sikununua.
Akaifikiria bei. Nami nikaifikiria.

Kaniachia pishi ya karafuu na kwaheri nusu.
Nimezinusa usiku, nimezinusa tena:
kwa mbali, petroli,
na sijui ni zake
au ni vidole vyangu.