Kifungo

Halszka, futa ukurasa wa kumi na mbili.
Umenipitisha ukutani nikipiga ukemi,
taa zikazimika, paka akasimamisha manyoya,
nami nikamnong'oneza inspekta jina la mwuaji.
Sasa yeye abaki na kazi gani, maskini?
Akaoge, alale?

Mimi niliyekufa sijui mengi.
Watu hudhani kufa ni kupanda kilima
ukaliona bonde zima.
Kufa ni kubaki palepale ulipoangukia,
ghorofa ya tatu, kati ya mashine ya tisa na ya kumi,
ukinusa sufu mbichi kwa miaka tisini
huku kiwanda kikigeuzwa nyumba za kupangisha,
hadi siku moja Łódź ikuletee mpangaji
atakayeweka juu ya utosi wako dawati,
chai ya limau, miwani miwili,
na kifungo cha shaba cha kuzuia karatasi.

Niliona kiatu. Niliona mkono wa koti.
Uso sikuuona, taa ilikuwa nyuma yake.
Nipe hayo tu. Siri ya mtungi aijuaye kata,
na mimi si kata,
mimi ni maji yaliyomwagika.

Halafu nipe sheria,
na usiivunje hata hadithi ikikukwama kooni.
Mzuka awezaye yote ni karata zenye wafalme watupu:
nani atakaa kucheza?
Sheria yangu ni hii, sikuichagua:
sigusi kitu
ila kile nilichokishika nikiwa hai.
Simu yako hiyo, ilie mchana kutwa, kwangu ni moshi.
Lakini chini ya mbao za sakafu zimo bobini zetu.
Basi andika uzi uliozungushwa kinyume,
kama tulivyozungusha sisi wa mkono wa kushoto,
na Inspekta Dobrochna akiuona asitetemeke.
Apige picha. Apime kwa futikamba.
Aulize ufunguo wa ghala anao nani.

Mpende huyo asiyeamini.
Mpe gego linalomuuma,
supu baridi ya kiazisukari ndani ya gari,
deni la mazishi ya dada yake.
Ashuku panya kwanza, kisha bomba, kisha mlinzi,
na usiku atakaponihisi mgongoni
aseme tu, "Sogea, unanizibia mwanga."
Msomaji atacheka,
na mdomo ukiwa bado wazi
ndipo baridi itakapomwingia.

Mwuaji usimtafute kwetu.
Wafu hatuui, Halszka, hatuna haraka hiyo.
Mtafute penye mate mdomoni,
anayelipa kodi, anayembeba mtoto begani
siku ya gwaride, ili aone tarumbeta.

Na dalili usiifiche. Ukiificha umeiba.
Iweke mapema, mezani,
kati ya chai na miwani,
msomaji aipite kama tunavyopita mlango wa jirani,
kisha ukurasa wa mwisho
arudi mbio, ajipige paji la uso.

Umeacha kuandika.
Umekishika tena kile kifungo,
mara ya nne tangu nianze kusema.
Kina alama ya gurudumu,
na uzi wa kijivu bado umenasa tunduni
kwa sababu hakikufunguliwa, kiling'olewa.
Uliniambia, au uliliambia dirisha,
kwamba kilitoka kwenye mkebe wa tumbaku
wa babu yake mama,
nyapara mpole, aliyekufa usingizini.

Mimi sijui. Nimekwambia sijui mengi.
Najua kifungo hiki
hakuna aliyekitumikia hata siku moja.

Kirudishe mezani.
Ondoa mkono.
Sasa kumbuka ile sheria,
utazame kinavyosogea.