Mshenga wa Chuma

Baba alirudi na klorini kwenye masharubu.
Mama alimvulia koti nje, kwenye theluji,
akalitundika kwenye msumari wa banda la kuni,
na bado harufu ilipenya, ikaketi nasi mezani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Miaka thelathini na mmoja katika ukumbi wa kupausha,
kiwanda cha karatasi, ukingoni mwa Haukijärvi.
Sisi watoto tulijua siku ya mshahara
na siku ya upepo wa magharibi.
Samaki wa ziwa lile tuliwavua, tukawatazama,
tukawarudisha.

Sasa ufunguo wa maabara ya kiwanda kilekile
uko mfukoni mwangu.
Ni Desemba, saa tisa alasiri, giza limeshafunga.
Ndani ya chupa: maji ya mtambo, mekundu-meusi,
chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Sitii kiyeyusho cha kulevya kichwa. Siwashi moto.
Maji tu, na peroksidi kidogo,
ndugu wa ile ya kuoshea vidonda vya magoti,
na chembe ya chuma.

Iiris wa meza ya pili alicheka: chuma!
Chuma hujua kutu, kingine hakijui.
Lakini hiki nimekivika pete,
nitrojeni nne zimekishika pembe nne
kama watu wanaopitisha kabati mlangoni.
Kazi yake ni ya mshenga:
huingia kwa oksijeni, huingia kwa uchafu,
husema maneno mawili,
hutoka kama alivyoingia,
hagusi mahari, haketi karamuni,
anawahi posa nyingine.
Mara elfu kwa dakika, akijaliwa uhai.

Hakujaliwa. Wa kwanza alikufa kabla sijafunga daftari:
oksijeni aliyoibeba ilimgeukia, ikamla pete.
Wa tisa aliishi, hakufanya kitu.
Wa ishirini na mbili alifanya kila kitu,
ila alibaki.
Wiki sita majini, mzima, haondoki,
nami sikutaka kulipa ziwa
mgeni mwingine asiyejua kuaga.

Basi nikatafuta kilicho kigumu kutafutwa:
wa kufanya kazi kutwa, akafa jioni.
Nikalegeza kifundo kimoja cha pete.
Kimoja tu.

Wa arobaini na saba.
Nilikuwa nimegeuka kutafuta kalamu.
Nilipogeuka tena niliona, kupitia chupa,
tarakimu za saa kwenye ukuta wa pili.

Meneja Lehtisaari alisema matokeo mazuri, bei mbaya,
tuzungumze robo ijayo.
Robo ilikuja, ikapita. Mtambo mdogo ukafungwa
kwenye bomba moja.
Mabomba ni saba.

Chupa nilimpelekea Baba. Ana miaka themanini na moja.
Aliipokea kwa mikono miwili, akatoa kizibo,
akanusa. Akanusa tena.
Pua ile, iliyoweza kukisia gesi tangu getini,
haikupata cha kushika.
"Hainuki," alisema. "Sasa mtu atajuaje
kwamba inafanya kazi?"
Nilifungua mdomo nimweleze habari za elektroni.
Nikaufunga.

Jumapili huchukua mkongojo wake,
hushuka hadi bomba la tatu,
pale barafu haigandi kwa uvuguvugu wa maji.
Hakuna anayemwagiza. Husimama, huinama,
huvuta pumzi kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Hurudi kimya, viatu vimelowa.
Jana, kwa mara ya kwanza,
koti alilitundika ndani.