Mshono Uliowahi

Lilianza wiki ya sare za harusi ya Mwananyamala,
magauni kumi na saba ya rangi ya zabibu,
mwenyewe akiyataka Ijumaa kabla ya adhuhuri.
Saa nane usiku, mguu kwenye kikanyagio,
kikombe cha nne cha kahawa chungu
(muuzaji hunigongea vikombe vyake dirishani,
anajua taa yangu ndiyo ya mwisho kuzimwa hapa Tandale),
kifuani kitu kikaruka.

Si maumivu.
Samaki aliyegeuka ndani ya ndoo.
Mguu ulioshuka ngazi isiyokuwepo.
Halafu kimya,

halafu du!
pigo moja zito, la mtu anayegonga mlango kwa kisigino.

Nikaweka mkasi chini.
Nina miaka ishirini na sita.
Napanda ghorofa nne za Kariakoo na jora begani, sihemi.
Nikajipapasa shingoni kama mtu anayetafuta shilingi gizani,
nikahesabu: moja, mbili, tatu,

tano.

Nne iko wapi?

Shukuruni, tunayechangia kodi, akasema ni mapenzi.
Mama akasema kwa simu ni presha, nipunguze chumvi.
Nilisema nitalala. Sikulala.
Nililalia ubavu wa kushoto nikalisikia godoro likipiga,
nikalalia wa kulia, nikawa nasikiliza kama halipigi.

Muhimbili, benchi, namba sitini na tatu.
Daktari Kemilembe ana mkono baridi na haharakishi.
Wakanibandika nyaya, karatasi ikatoka na mistari,
safi, kama ya chaki juu ya kitambaa kipya.
Moyo ule, mbele ya watu, una adabu!
Basi wakanivisha kidude cha kukesha nacho,
siku nzima na usiku wake,
nami nikaandika kwenye daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha Bi Mwanakhamis na bega lake:
*saa tano, nimekaa tu. Saa nane kasoro, nimekaa tu.*

Aliposoma majibu aliniuliza:
Umewahi kuzimia? Hapana.
Ukikimbia, kifua kinabana? Hapana.
Kwenu kuna aliyekufa ghafla, angali kijana?
Baba alikufa kijana, nikasema.
Kalamu ikasimama.
Lori la kokoto, njia ya Kibiti.
Kalamu ikaendelea, polepole.

“Hayo yakija,” akasema, “usingoje asubuhi. Njoo.
Lakini haya yako, mia tatu na arobaini
katika laki moja ya siku nzima,
wengi wanayo, wengine hawayasikii kabisa.
Mimi huyapata wiki ya zamu za usiku.”

Na nne?

“Nne ilikuwepo. Iliwahi.
Ilijibana mgongoni mwa tatu, ndogo, hukuisikia.
Ndipo moyo ukapumzika kidogo, ukajaa damu kuliko kawaida,
na tano ikatoka na mzigo wa ziada.
Kilichokutisha si kusimama.
Ni kurudi.”

Nililielewa barabarani, kwa akili ya fundi.
Sindano ikitua kabla kitambaa hakijasogea,
mshono mmoja unakuwa mfupi, unaofuata mrefu,
unavuta uzi zaidi.
Nguo haijachanika.
Ukishapiga pasi, ni mimi tu ninayeuona.

Sasa nanunua kashata, kahawa nimeiacha kwenye birika lake.
Muuzaji amekasirika.
Saa sita nazima taa, siku nyingine saa saba.

Jana limerudi.
Siwezi kudanganya, mkono ulikwenda shingoni wenyewe.
Nikatoa mguu kwenye kikanyagio,
nikalingoja lile lenye kisigino.

Likaja.
Nikamalizia zipu.